Mchochea Moto wa Hedwig

Tunapopita kwenye stesheni ya treni ya Lubumbashi, ni nani kati yetu anayewaza kwamba vita vya majini viliwahi kupita hapo? Mnamo Julai 1915, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, treni kutoka kusini ilifika na mashua mbili za vita za Waingereza, Mimi na Toutou. Reli ilifika Fungurume tu. Kutoka huko zilivutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, huku akina mama wa vijijini wakibeba maji ya kuzinywesha mashine zile. Kisha zikafuata mto Lualaba na reli ya Kabalo hadi kando ya Ziwa Tanganyika, palipo leo Kalemie.

Kamanda wao, Spicer-Simson, ameandikiwa vitabu. Sisi tunamtafuta mtu mwingine: Mwafrika aliyechochea moto ndani ya Hedwig von Wissmann, meli ya Wajerumani waliolitawala ziwa kutoka Kigoma.

Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Waingereza waliikamata Kingani, meli ndogo iliyokuwa mwenzake Hedwig. Wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ilipokuja upande wetu, ilifukuzwa na Mimi pamoja na Fifi. Nahodha Odebrecht akageuza kukimbia, na kuni zilizolowekwa mafuta zikatupwa tanuruni ili meli iongeze mwendo. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wetu: kuni mkononi, jasho mwilini, asione adui wala ziwa. Mzinga uliompata ulifyatuliwa kutoka Fifi, meli ambayo bila shaka aliizoea bandarini ilipokuwa Kingani.

Kombora lilipiga chumba cha mitambo na kuwaua waliokuwamo. Meli ikazama, na walionusurika wakatolewa majini wakawa mateka.

Masimulizi yanayosomwa sana yanamtaja Odebrecht kwa jina; wachochea moto wanahesabiwa tu. Hata hivyo, mtu huyu si mgeni kwetu. Utawala wa Wajerumani ulitumia Kiswahili, kwa hiyo tunaamini kwamba amri ya kuongeza kuni aliisikia katika lugha hii mnayoisoma. Waholoholo wanaishi pande zote mbili za ziwa. Haishangazi basi kama aliyevuta Mimi mlimani na aliyeuawa ziwani waliitana ndugu. Vita ilikuwa ya Ulaya, nao hawakuulizwa.

Julai mwaka ule Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Hedwig ilibaki chini, pamoja na wale waliokuwa karibu na moto.