Msanifu wa Utendaji wa Mifumo ya Kompyuta na Majukumu Yake

Msanifu wa utendaji wa mifumo ya kompyuta ni mtaalamu anayehakikisha kuwa mfumo unawahudumia watumiaji wengi kwa wakati mmoja bila kuchelewa wala kuzimika. Programu inaweza kutekeleza kila ilichoagizwa mbele ya watumiaji 10 wa majaribio, kisha ikashindwa siku wananchi 10,000 wanapoifungua kwa pamoja. Baina ya hali hizo mbili ndipo ilipo kazi yake.

Nyenzo yake kuu ni hesabu ya foleni. Kanuni iliyothibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961 inaeleza kuwa idadi ya maombi yaliyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwake ikizidishwa kwa muda ambao kila ombi hukaa humo. Mfumo unaopokea maombi 200 kwa sekunde, kila moja likichukua nusu sekunde, huwa na maombi 100 ndani yake. Kanzidata ikizorota hata kila ombi likachukua sekunde 5, idadi hiyo hufika 1,000, ingawa hakuna mtumiaji mpya aliyeongezeka. Mwananchi naye, akiona ukurasa haufunguki, hubonyeza tena, na foleni huzidi kurefuka.

Hapo wengi hupendekeza kununua seva zaidi, ushauri ambao mara nyingi hugharimu fedha bila kuondoa tatizo. Gene Amdahl alionesha mwaka 1967 kwamba iwapo asilimia 5 ya kazi ni lazima ifanyike kwa mfuatano, kasi haiwezi kuongezeka zaidi ya mara 20, hata vichakataji viongezwe kiasi gani. Msanifu hupima kwanza ili kubaini kizuizi kiko wapi: kwenye kichakataji, diski, mtandao au kanzidata.

Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba, 2013, ni watu sita tu waliokamilisha kujiunga na bima siku hiyo. Kila mgeni alitakiwa kufungua akaunti kabla ya kulinganisha bima, hivyo umati wote ukapitia mlango mmoja. Wakandarasi waliliambia Bunge la nchi hiyo kuwa mfumo mzima ulijaribiwa katika wiki mbili za mwisho pekee. Baada ya marekebisho, mwanzoni mwa Desemba Serikali ilitangaza kuwa tovuti hiyo inamudu watumiaji 50,000 kwa wakati mmoja.

Nchini Tanzania, mifumo ya TEHAMA ya taasisi za umma husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Kutangazwa kwa matokeo ya mitihani ya taifa ni mfano wa msongamano unaojulikana mapema, na kwa siku kama hiyo msanifu huujaribu mfumo kwa maombi ya kuigiza, akiyaongeza hatua kwa hatua hadi aone unapoanza kulemewa.