Seminari ya Inanda

Seminari ya Inanda ni shule binafsi ya sekondari ya bweni kwa wasichana, iliyoko Inanda, kaskazini-magharibi mwa jiji la Durban, Afrika Kusini. Ilifunguliwa Machi 1869 na wamisionari wa Kimarekani wa shirika la American Board, ikiwa na wanafunzi 19, na ni miongoni mwa shule kongwe za bweni za wasichana Waafrika katika nchi hiyo.

Waanzilishi wake, Daniel Lindley na mkewe Lucy, walikuwa na lengo dogo kuliko yaliyokuja kutokea. Misheni ilikuwa ikiwasomesha wavulana huko Amanzimtoti ili wawe walimu na wachungaji, na ilionekana vijana hao watahitaji wake wanaojua kusoma, kushona na kulea familia ya Kikristo. Mkuu wa kwanza wa shule alikuwa Mary Edwards, mjane kutoka Ohio, mmisionari wa kwanza kabisa kutumwa na Bodi ya Wanawake ya Misheni, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeundwa Marekani. Hata baada ya kukabidhi uongozi kwa Fidelia Phelps mwaka 1892 hakurudi kwao, bali aliishi Inanda hadi alipofariki mwaka 1927.

Mwaka uleule shule ilipofunguliwa, serikali ya kikoloni ya Natal ilitoa kanuni mpya za ndoa kwa Waafrika. Mahari ya mtu wa kawaida haikupaswa kuzidi ng'ombe 10, na bibi harusi alitakiwa kuulizwa hadharani, mbele ya shahidi wa serikali, kama ameridhia. Hata hivyo, binti ambaye hajaolewa aliendelea kuwa chini ya mamlaka ya baba yake kisheria, na kukataa mume aliyechaguliwa na wazee halikuwa jambo jepesi. Ndipo wasichana wa Kizulu walipoanza kutoroka nyumbani na kukimbilia Inanda, hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Wazazi na wachumba waliwafuata huko kuwadai. Wapo waliorudishwa, wapo waliobaki wakajifunza kusoma. Hao waliobaki ndio walioigeuza shule, kwani sehemu iliyojengwa kutayarisha wake wa wachungaji ikawa kimbilio la wasiotaka kuozwa. Maisha ya bwenini hayakuwa ya raha hata hivyo. Wanafunzi walilima, walipika na kufua wenyewe, na kazi za mikono zilichukua sehemu kubwa ya siku.

Miongoni mwa wanafunzi wa awali alikuwa Nokutela Mdima, ambaye baadaye alifundisha hapohapo. Akiwa na mumewe John Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, alianzisha Shule ya Ohlange, nayo pia iko Inanda, na akazunguka Marekani akiimba na kuchangisha fedha za kuijenga. Kwa muda mrefu sifa zote za Ohlange alipewa mume peke yake. Haki ni kuwataja wote wawili.

Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliziweka shule za Waafrika mikononi mwa serikali ya ubaguzi wa rangi. Chuo cha Adams, ile shule ya misheni iliyokuwa Amanzimtoti, kilichukuliwa na serikali. Inanda, chini ya mkuu wake Lavinia Scott, ilikuwa mojawapo ya shule chache mno za misheni zilizoruhusiwa kubaki binafsi. Iliendelea bila ruzuku, ikitegemea ada za wazazi na michango ya makanisa.

Katika mazingira hayo walipita wanawake wenye misimamo tofauti sana. Mwandishi wa riwaya Lauretta Ngcobo alisoma hapa kabla ya kukimbilia uhamishoni mwaka 1963. Manto Tshabalala-Msimang, ambaye sehemu ya masomo yake ya udaktari aliyapata Tanzania, alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1999 hadi 2008, miaka ambayo serikali ilisuasua kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Aliyempinga waziwazi ndani ya wizara hiyohiyo alikuwa naibu wake, Nozizwe Madlala-Routledge, naye pia mhitimu wa Inanda. Naibu huyo alifukuzwa kazi Agosti 2007.

Uhuru wa mwaka 1994 uliiletea shule mtihani mwingine. Shule zilizokuwa za Wazungu zilifungua milango, wazazi wenye uwezo wakawapeleka mabinti zao huko, majengo yakachakaa na madeni yakaongezeka. Desemba 1997 kanisa lililoimiliki lilitangaza kuifunga. Waliosoma hapo, pamoja na wazazi, walikataa. Walichanga fedha, wakachukua jukumu la kuiendesha, na Nelson Mandela akayahimiza makampuni kusaidia ukarabati wa majengo. Shule ingali inafanya kazi, ikiwatayarisha wasichana kwa mtihani wa mwisho wa sekondari unaofungua njia ya chuo kikuu.