Jinsi protini za ubongo zinavyoamua tukumbuke nini na tusahau nini

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anaweza kujibu maswali asubuhi, lakini baada ya wiki mbili akawa hakumbuki hata nusu ya aliyoyasoma. Mwenzake aliyelisoma somo hilo hilo kidogo kidogo kwa mwezi mzima hulikumbuka kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya seli za ubongo, katika namna zinavyotengeneza protini na namna zinavyojizuia kuzitengeneza.

Protini zinazozungumzwa hapa si zile za kwenye sahani. Maharage, samaki na mayai humeng'enywa na kuwa asidi amino, ambazo seli huzitumia kama matofali ya kujengea protini zake zenyewe. Mtoto anayekosa lishe hiyo kwa muda mrefu huathirika katika ukuaji wa ubongo. Hata hivyo, mtu mwenye lishe ya kutosha hawezi kuongeza kumbukumbu kwa kula nyama maradufu katika mkesha wa mtihani. Amri ya lini, wapi na kwa kiasi gani protini itengenezwe hutoka ndani ya seli yenyewe.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja huwasiliana na nyingine nyingi kupitia maungio madogo mno yaitwayo sinapsi. Mtu anapojifunza, baadhi ya maungio hayo huimarika na mengine hudhoofika. Swali lililowasumbua wataalamu ni hili: kitu gani hufanya mabadiliko hayo yadumu?

Mwaka 1963, Louis Flexner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nchini Marekani, waliwachoma panya sindano ya puromisini, dawa inayozuia utengenezaji wa protini, moja kwa moja katika ubongo. Panya hao walisahau njia waliyokuwa wamefundishwa.

Baadaye katika miaka hiyo ya 1960, Bernard Agranoff wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwafundisha samaki wa dhahabu kuvuka kizuizi ndani ya tangi kila taa ilipowaka, ili waepuke mshtuko wa umeme. Samaki waliochomwa dawa hiyo kabla ya mafunzo walijifunza sawa na wenzao, lakini siku chache baadaye walikuwa wamesahau. Waliochomwa mara tu baada ya mafunzo nao walisahau. Waliochomwa saa moja baadaye walikumbuka. Ilidhihirika basi kwamba kujifunza ni jambo moja na kuhifadhi ni jingine, na kwamba kuhifadhi kunahitaji protini mpya ndani ya muda maalumu.

Mtaalamu aliyeeleza kwa kina kinachotendeka ndani ya seli ni Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna, Austria, aliyefanya kazi yake Marekani. Alimchunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia, mwenye seli za neva zipatazo 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Konokono huyo akipigwa mshtuko mmoja, huwa na tahadhari kwa dakika chache. Akipigwa kadhaa kwa vipindi, tahadhari hiyo hudumu kwa siku.

Kandel alionyesha kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hutumia protini zilizokwishakuwapo, ambazo hubadilishwa kidogo tu. Ile ya muda mrefu hupeleka taarifa hadi kwenye kiini cha seli, ambako protini iitwayo CREB huziamsha jeni, protini mpya hutengenezwa na sinapsi mpya huchipua. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard.

Lakini seli ina breki pia. Mwaka 1995 maabara ya Kandel ilionyesha kuwa ipo aina ya CREB inayozuia jeni hizo zisiamke. Ilipozimwa katika seli za konokono, kichocheo kimoja tu kilileta mabadiliko ya kudumu ambayo kwa kawaida huhitaji marudio. Kwa maneno mengine, seli imewekewa kizuizi ili isihifadhi kila kinachopita mbele yake, na marudio ndiyo hukishinda.

Madhara ya kukosa breki huonekana wazi katika maradhi ya X dhaifu, mojawapo ya sababu kuu za kurithi za ulemavu wa akili, ambayo huwaathiri zaidi wavulana. Jeni inayohusika, FMR1, iligunduliwa mwaka 1991. Kipande chake kifupi kinapojirudia zaidi ya mara 200, jeni huzimika, na seli hukosa protini inayozuia utengenezaji wa protini nyingine karibu na sinapsi. Protini hizo huzidi kiasi, na mtoto hupata shida ya kujifunza.

Ugunduzi huo uliwapa wazazi matumaini makubwa. Dawa za kupunguza utengenezaji huo ziliwasaidia panya, lakini majaribio kwa binadamu katika muongo wa 2010 hayakuleta manufaa yaliyotarajiwa. Vivyo hivyo, mwaka 2013 watafiti wa California walitangaza kemikali iitwayo ISRIB, inayoondoa breki nyingine ya utengenezaji wa protini, iliyowafanya panya wakumbuke vizuri zaidi. Matokeo ya panya, hata hivyo, si idhini ya kuwapa watu dawa.

Msomaji anayeuziwa vidonge vya "kuongeza akili" hana budi kulikumbuka hilo. Protini zikipungua, kumbukumbu haishiki. Zikizidi, kujifunza huvurugika. Kwa sasa, njia isiyo na gharama ni ile ile ya mwanafunzi wa pili: kusoma kidogo, kupumzika, kulala vya kutosha, kisha kurudia.