Jina Vifuani: Vijana wa Kikapu wa Lithuania

Mwezi wa Julai mwaka 2011, katika jiji la Riga nchini Latvia, vijana wa Lithuania waliishinda Serbia kwa pointi 85 kwa 67 wakatwaa ubingwa wa dunia wa mpira wa kikapu kwa wachezaji wa umri usiozidi miaka 19. Mrefu wao na tegemeo lao alikuwa Jonas Valančiūnas, mzaliwa wa mji mdogo wa Utena, ambaye ndiye aliyeteuliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote. Kwa msomaji wa mbali hiyo ni habari ya michezo, ya kusomwa leo na kusahauliwa kesho. Kwa Walithuania ilikuwa na kisa nyuma yake. Kwani ni katika jiji hilo hilo la Riga, mwaka 1937, ndipo timu yao ya wakubwa ilipopata ubingwa wake wa kwanza wa Ulaya, kwa kuishinda Italia pointi 24 kwa 23. Baina ya siku mbili hizo imepita miaka 74, na kwa takriban miaka 50 kati ya hiyo hapakuwa na mchezaji yeyote, mkubwa wala mdogo, aliyeruhusiwa kuingia katika uwanja wa kimataifa akiwa amevaa jina la Lithuania.

Nchi yenyewe iko ukingoni mwa Bahari ya Baltiki. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 65,000 na watu wake hawatimii milioni 3. Zamani za kale ilikuwa dola kubwa, kisha mwishoni mwa karne ya 18 ikamezwa na Urusi. Wapenzi wa ushairi watapenda kujua kwamba tangu miaka ya 1860 hadi mwaka 1904 watawala wa Urusi walipiga marufuku Kilithuania kuchapishwa kwa herufi za Kilatini. Vitabu vikawa vinachapwa ng'ambo ya mpaka, katika Prussia ya Mashariki, na wanavijiji wakivivusha usiku, mabunda mgongoni, ilhali aliyekamatwa aliweza kuishia Siberia. Watu hao waliitwa knygnešiai, yaani wachukuzi wa vitabu. Mshairi Maironis, ambaye Walithuania humweka mbele ya washairi wao wote, alichapisha diwani yake mwaka 1895 katika mji wa Tilžė, huko huko ng'ambo, kwa sababu nchini mwake isingechapika. Watu waliowahi kuficha herufi zao ndani ya magunia hawaichukulii kuwa jambo dogo fulana iliyoandikwa jina la nchi, hata ikiwa imevaliwa na mtoto wa miaka 16.

Uhuru waliutangaza mwaka 1918. Vilnius, mji mkuu wao wa kale, ulitwaliwa na Poland, na serikali ikawa na makao yake Kaunas, na Kaunas ndiko mpira wa kikapu ulikoota mizizi. Mbegu yake ilitoka Marekani. Walithuania wengi walikuwa wamehamia huko kutafuta riziki, na watoto wao waliozaliwa Chicago na California wakakua na mchezo huo mikononi. Miongoni mwao alikuwa Frank Lubin, aliyekuwamo katika timu ya Marekani iliyopata dhahabu katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Alipofika katika nchi ya wazee wake aliitwa Pranas Lubinas. Hapa msomaji wa Kiswahili atatabasamu: kama vile lugha yetu isivyoridhika na neno geni mpaka ilipe irabu mwishoni, Kilithuania nacho hakimkaribishi mgeni mpaka kimvishe mwisho wa jina.

Mwaka 1939 mashindano ya Ulaya yalichezwa Kaunas, kwa kuwa bingwa alikuwa na haki ya kuwa mwenyeji. Likajengwa jumba mahsusi la mchezo huo katika viunga vya msitu wa mialoni. Mchezo wa Lithuania na Latvia ulikwisha kwa pointi 37 kwa 36, na kikapu cha ushindi alikitia Lubinas mwishoni kabisa. Walatvia walinung'unika kwamba timu ile ilikuwa ya Wamarekani waliovishwa fulana. Haiwezi kusemwa kwamba hawakuwa na hoja. Walakini jambo lililobaki nchini baada ya ushindi ule halikuwa kikombe. Lilikuwa ni watoto. Wavulana wa skuli za Kaunas walitoka katika lile jumba wakatundika pete za mapipa kwenye kuta za mabanda, na wale waliokuwa na miaka kumi wakati ule ndio waliokuja kuwa makocha wa wenziwe miongo miwili baadaye.

Mwezi wa Juni mwaka uliofuata majeshi ya Kisovieti yaliingia. Baadaye wakaja Wajerumani, kisha Wasovieti wakarejea. Maelfu ya watu walihamishwa kwa nguvu kwenda Siberia, na maelfu wengine walikimbilia Magharibi. Lubinas alirudi Marekani. Mwaka 1947 Umoja wa Kisovieti ulitwaa ubingwa wa Ulaya mjini Prague, na ndani ya timu yake walikuwamo Walithuania; ushindi wao ukaandikwa kwa jina la mwingine.

Kuhusu miaka hiyo kuna mambo mawili ambayo ni lazima yasemwe pamoja, ingawa hayapatani. La kwanza ni kwamba dola ya Kisovieti ndiyo iliyojenga skuli za michezo za watoto katika kila mji, ikawalipa makocha mishahara, na ikawapa watoto wa maskini mpira, viatu na safari. Bila ya skuli hizo asingepatikana Arvydas Sabonis, mtoto wa Kaunas aliyezaliwa mwaka 1964, aliyefikia kimo cha zaidi ya mita 2.20 na bado akaweza kupitisha mpira kama mtu mfupi. La pili ni kwamba kila kijana aliyekuwa bora katika skuli hizo alichukuliwa. Kijana wa Kilithuania aliyetaka kucheza na vijana wa Ulaya hakuwa na mlango mwingine ila ule wa timu ya vijana ya Kisovieti, na wimbo uliopigwa aliposhinda haukuwa wa kwao. Wako wanaosema kuwa neema ile ilifidia dhuluma ile. Hesabu hiyo haikubaliki: mtu akikuibia shamba, kisha akalipalilia vizuri, mazao yake hayamfanyi kuwa mwenye shamba.

Watu walijitafutia njia. Klabu kubwa ya Kaunas iliitwa Žalgiris, jina la vita vya mwaka 1410 ambavyo majeshi ya Lithuania na Poland yaliwashinda mashujaa wa Kijerumani. Kwa watawala wa Moscow, baada ya vita vyao na Hitler, jina hilo halikuwa na kosa, maana aliyeshindwa ndani yake ni Mjerumani. Kwa Walithuania lilikuwa ni ukumbusho wa enzi zao wenyewe. Waliozoea mafumbo ya ushairi wanajua jinsi neno moja linavyoweza kupita mbele ya mlinzi likiwa na maana mbili. Žalgiris ilipoishinda timu ya jeshi ya Moscow na kutwaa ubingwa wa Kisovieti mara tatu mfululizo, miaka ya 1985, 1986 na 1987, kila mtoto wa Kaunas alielewa kilichokuwa kikichezwa. Mwaka 1988 mjini Seoul Umoja wa Kisovieti ulipata dhahabu ya Olimpiki, na nguzo zake nne, Sabonis, Marčiulionis, Kurtinaitis na Chomičius, zote zilikuwa za Lithuania.

Tarehe 11 Machi 1990 Lithuania ilitangaza kurejesha uhuru wake. Januari 1991 vifaru vya Kisovieti viliwaua watu wasio na silaha mjini Vilnius, penye mnara wa televisheni, na Septemba mwaka huo Moscow ikaukubali uhuru. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Barcelona, timu ya wakubwa ilipata medali ya shaba kwa kuwafunga, pointi 82 kwa 78, wale wale waliokuwa wakicheza nao timu moja miaka minne nyuma. Habari hiyo imesimuliwa sana, pamoja na zile fulana za rangi zilizotolewa na bendi ya muziki ya Kimarekani. Timu ya vijana iliyofuata haikusimuliwa hivyo, na pengine ndiyo iliyostahili zaidi.

Mwaka 1994, nchini Israeli, vijana wa Lithuania wa umri usiozidi miaka 18 walikuwa mabingwa wa Ulaya. Tazama miaka yao. Walizaliwa mwaka 1976 au karibu yake. Walijifunza kudundisha mpira katika skuli za Kisovieti. Uhuru ulipotangazwa walikuwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Walikua katika nchi isiyokuwa na mafuta ya kutosha wala fedha zake yenyewe, maana litas, sarafu yao, ilirejea mwaka 1993 tu. Watu wa Barcelona walikuwa magwiji waliokwisha kujengwa, na angeweza mtu kusema kwamba hao ni masalia ya dola iliyokufa, kwamba wakistaafu nchi itarudi kuwa si kitu. Vijana wa mwaka 1994 ndio waliolikanusha neno hilo. Miaka miwili baadaye Lithuania ikatwaa na ubingwa wa Ulaya wa vijana wa umri usiozidi miaka 22. Kati yao alikuwamo Šarūnas Jasikevičius, naye ndiye aliyekuja kuwaongoza wakubwa kutwaa ubingwa wa Ulaya nchini Sweden mwaka 2003, wa kwanza tangu ule wa Lubinas, na aliyewafunga Wamarekani pointi 28 mjini Athens mwaka 2004 katika mchezo ambao Lithuania ilishinda kwa 94 kwa 90.

Historia ya wasichana, ambao wakubwa wao walikuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 1997, inadai makala yake peke yake. Humu haitatendewa haki.

Mwaka 2003 vijana walifika fainali ya dunia mjini Thessaloniki wakashindwa na Australia. Mwaka 2005, nchini Argentina, wenye umri usiozidi miaka 21 walikuwa mabingwa wa dunia. Kisha ndipo ikaja timu ambayo Walithuania wanaiita kwa mwaka wake wa kuzaliwa: vijana wa 1992. Hawa hawakuwahi kuishi hata siku moja chini ya bendera nyingine. Valančiūnas alizaliwa mwezi wa Mei, miezi mitatu kabla ya shaba ya Barcelona. Wakiwa chini ya kocha mmoja, Kazys Maksvytis, walitwaa ubingwa wa Ulaya wa umri wa miaka 16 mwaka 2008, wa miaka 18 mjini Vilnius mwaka 2010, wa dunia mjini Riga mwaka 2011, na wa Ulaya wa miaka 20 nchini Slovenia mwaka 2012. Huo wa mwisho waliupata bila ya Valančiūnas, aliyekuwa amekwisha kupanda kwa wakubwa. Ushindi huo ndio unaowapa haki ya kuitwa timu, kwani kabla yake wapo waliodhani kwamba ni mtu mmoja mrefu na wenziwe wa kumtupia mpira.

Isidhaniwe kwamba vikombe hivyo huzaa vingine kwa kufuatana kama shanga. Miezi miwili tu baada ya Riga, mashindano ya Ulaya ya wakubwa yalirudi Lithuania kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1939. Nchi nzima ilivaa rangi ya kijani na manjano. Na pale pale Kaunas, katika jumba jipya, robo fainali wakafungwa na Masedonia, nchi ndogo kuliko wao, pointi 67 kwa 65. Valančiūnas alikuwamo uwanjani.

Kuna na upungufu ulio mkubwa kuliko huo. Lithuania ilipopata uhuru ilikuwa na watu wapatao milioni 3.7. Baada ya kuingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, njia za Uingereza, Ireland na Ujerumani zilifunguka, na vijana wakazifuata. Kocha wa mji mdogo huhesabu watoto wake kila mwaka na kuwaona wakipungua. Skuli hufungwa, na mvulana aliyetazamiwa kuwa mlinzi mzuri hupotea katikati ya msimu kwa kuwa wazee wake wamepata kazi Dublin. Kwa nchi ya watu milioni 80 kijana mmoja aliyeondoka si kitu. Huku, mtoto mmoja aweza kuwa ndiye Sabonis.

Hata hivyo watoto hurudi kwa njia wasizotazamiwa. Domantas, mwana wa Arvydas Sabonis, alizaliwa mwaka 1996 mjini Portland, Marekani, wakati baba yake akichezea huko, akalelewa Uhispania. Alipofika umri wa kuchagua alivaa fulana ya vijana wa Lithuania, akapanda ngazi hizo mpaka timu ya wakubwa mwaka 2015, kama Lubinas alivyokuja, ila yeye hakuwa na haja ya kuongezewa mwisho wa jina.

Na tarehe 3 Septemba 2023, mjini Manila, katika Kombe la Dunia, Lithuania iliifunga Marekani pointi 110 kwa 104. Kocha aliyesimama pembeni mwa uwanja alikuwa Maksvytis. Chini ya kikapu, akiwa na miaka 31 sasa, alikuwapo Valančiūnas wa Utena.