Ukomo wa Hedhi, Vitamini na Mizizi ya Ugalla

Vitamini ni kitu ambacho kikipungua mwilini mtu huugua, na kikirudishwa hupona. Maana hiyo ndiyo iliyolipa neno lenyewe nguvu tangu mwaka 1912, alipolitunga Casimir Funk, mwanakemia mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London. Mabaharia waliokaa miezi mingi bila ya matunda wala majani mabichi walitokwa na damu katika ufizi. James Lind alionyesha mwaka 1747 ya kuwa machungwa na malimau huwaponya. Watu wa Asia waliokula mchele uliokobolewa mno walipatwa na beriberi, na pumba za mchele zikawaponya. Kila mara palikuwa na pengo, na dawa ikawa ni kuliziba. Hapana shaka ushindi huo ulikuwa mkubwa, na ukawatia watu tamaa ya kuona mapengo hata mahali yasipokuwapo.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni ukomo wa hedhi. Kwa zaidi ya miaka mia moja mwanamke aliyefikia umri huo ameambiwa, kwa lugha nyingi na kwa matangazo mengi, ya kuwa amepungukiwa, na ameuziwa vitu vya kumjaza. Habari hii yafaa kuchunguzwa tangu mwanzo wake, kwa sababu sehemu ya jibu imepatikana katika nchi ambayo wachache wangefikiri kulitafuta huko, yaani katika misitu ya miyombo ya Ugalla.

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na waganga huhesabu kuwa imekoma miezi 12 inapopita bila ya damu. Jambo lenyewe ni la kale, bali jina lake la kitaalamu katika lugha za Ulaya ni jipya. Lilitungwa na daktari Mfaransa, Charles de Gardanne, ambaye kitabu chake cha mwaka 1821 kilibeba jina hilo juu ya jalada. Kuingizwa katika vitabu vya uganga kulikuwa hatua ya kwanza. Ya pili ilikuwa biashara. Mwaka 1875, katika mji wa Lynn, Massachusetts, Lydia Pinkham alianza kuuza dawa ya chupa kwa ajili ya taabu za wanawake, zikiwamo zile za umri wa kukoma hedhi. Ndani ya chupa ile mlikuwa na mizizi ya mimea kadhaa, pamoja na pombe iliyokaribia sehemu moja katika tano.

Hatua ya tatu ilikuwa ya sayansi. Mwaka 1929 Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walitenga homoni ya kike, estrojeni. Mwaka 1942 vidonge vya Premarin, vilivyotengenezwa kwa mkojo wa farasi majike wenye mimba, vikaanza kuuzwa Marekani. Tena mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York akachapisha kitabu chake, Feminine Forever, akadai ya kuwa ukomo wa hedhi ni maradhi ya upungufu kama kisukari kilivyo, na ya kuwa mwanamke asiyetibiwa huporomoka. Hapo neno upungufu lilikamilisha safari yake. Kilichokuwa kipindi cha maisha kilikuwa sasa kimegeuzwa kuwa hitilafu ya mwili.

Katika miaka hiyohiyo Magharibi ya Tanganyika ilikuwa na mashaka ya namna nyingine. Malale yalikuwa yameisumbua nchi ya miyombo, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa sehemu nyingi na kuwakusanya katika makazi makubwa, pori likaachiwa mbung'o na wanyama. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani utotoni mwake na kusomeshwa uganga Malta, alitibu watu tangu mwaka 1889 hata alipofariki mwaka 1956. Wakati tabibu ni mmoja na nchi ni pana, homa, vidonda na uzazi hutangulia. Mwanamke aliyekoma hedhi hakuwa na chupa ya kununua. Alikuwa na heshima ya kuitwa bibi, na kazi nyingi. Isidhaniwe kwa hayo ya kuwa hakusikia joto wala hakukosa usingizi. Hapakuwa tu na mtu wa kumwambia ya kuwa yeye ni kiumbe kilichoharibika.

Liko swali ambalo wauza chupa hawakuliuliza. Ikiwa ukomo wa hedhi ni upungufu, mbona mwanamke huweza kuishi miaka 20 au 30 baada yake, tena akiwa na nguvu? Mwaka 1957 George Williams, mtaalamu wa viumbe wa Marekani, alitoa rai ya kuwa mama aachaye kuzaa hupata nafasi ya kuwalea aliokwisha kuwazaa, kwa hiyo kukoma huko kwaweza kuwa faida. Rai ilikuwa nzuri, ila ilihitaji ushahidi, na ushahidi huo ulipatikana Tanzania.

Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakaandika saa kwa saa kazi ya kila mtu. Waliona ya kuwa wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi zaidi porini kuliko wasichana na mama wenye watoto, wakichimba viazi vya porini kwa mti uliochongwa ncha. Viazi hivyo hukaa chini sana, baina ya mawe, na mtoto mdogo hana nguvu za kuvitoa kwa kiasi cha kumshibisha. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989. Mwaka 1997 wakaongeza jambo zito kuliko la kwanza: mama akiwa ananyonyesha mtoto mchanga, uzito wa yule aliyeachishwa ziwa ulifuata bidii ya bibi yake. Bibi akichimba sana, mjukuu alinenepa. Basi mwanamke huyo aliyeitwa mpungufu kule New York, huku Eyasi ndiye aliyekuwa akiijaza kapu ya familia.

Hapo ndipo Ugalla inapoingia. Mto Ugalla hupita katika miyombo ya Tabora na Katavi, ukaingia Malagarasi, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Sehemu ya nchi hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Magharibi ya mto, katika vilima na mabonde ya Katavi, wanaishi sokwe katika mahali pamojawapo pakavu kupita pote wanapoishi sokwe duniani, kiangazi kikidumu karibu nusu ya mwaka. Mwaka 2007 Adriana Hernandez-Aguilar na wenzake, Jim Moore na Travis Pickering, walitangaza ya kuwa sokwe wa Ugalla huchimba mizizi na viazi vya ardhini kwa vijiti. Walikuta mashimo, vijiti vilivyotumika, na makapi ya mizizi iliyotafunwa na kutemwa. La ajabu ni kuwa kazi hiyo ilifanywa masika, wakati chakula kingine kipo, wala haikuwa ya njaa tu.

Ugunduzi huo uliigusa hoja ya mabibi wa Kihadzabe mahali pake. Watu wengi walidhani ya kuwa kufikia chakula kilicho chini ya ardhi ni jambo la binadamu peke yake. Ugalla ilionyesha ya kuwa kijiti na mzizi havitoshi kumtenga mtu na mnyama. Mama wa sokwe huweza kumwachia mwanawe chakula, lakini kumlisha mjukuu kwa viazi vilivyochimbwa mchana kutwa ni jambo jingine. Kilichomtenga bibi wa Eyasi ni kuwa alichimba ili agawe.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2023 Brian Wood na wenzake walichapisha habari za sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale, Uganda, ambao majike yao waliangaliwa tangu mwaka 1995 hata 2016. Uzazi wao ulikoma karibu na umri wa miaka 50, homoni zao zikabadilika kama zinavyobadilika za wanawake, na baadhi yao wakaishi miaka mingi baadaye. Lakini jike la sokwe likipevuka kwa kawaida huhama kundi la mama yake, kwa hiyo bibi hakai na watoto wa binti zake, na hoja ya kulea wajukuu haielezi habari za Ngogo. Wataalamu wangali wakishindana. Lakini jambo moja limethibitika: hali ipatikanayo kwa wanawake wa kila taifa, na hata kwa sokwe wa msituni, haiwezi kuwa ugonjwa uletwao na kukosa kidonge.

Kusema hivyo si kuyadharau maumivu. Estrojeni inapopungua, sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, mwanamke akapatwa na joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi. Mifupa nayo hupoteza uzito kwa haraka katika miaka ya kwanza. Mwenye taabu hizo anastahili msaada, na swali la haki ni msaada upi.

Vitamini na mimea vimepimwa. Mwaka 1998 vitamini E ilijaribiwa kwa wanawake waliopata kuugua saratani ya matiti. Ilipunguza joto la ghafla mara moja tu kwa siku kuliko kidonge kitupu. Mwaka 2006 mmea uitwao Actaea racemosa, ambao mzizi wake ulikuwamo katika chupa ya Lydia Pinkham, ulijaribiwa mwaka mzima miongoni mwa wanawake 351, usipite kidonge kitupu. Mwaka huohuo matokeo ya wanawake 36,282 wa Marekani yalionyesha ya kuwa kalsiamu pamoja na vitamini D viliongeza kidogo uzito wa mfupa wa nyonga, wala havikupunguza kwa yakini kuvunjika kwake, na viliongeza mawe katika figo. Mwaka 2023 jumuiya ya wataalamu wa ukomo wa hedhi wa Amerika ya Kaskazini ilishauri virutubisho visitumiwe kwa kutuliza joto la ghafla. Sababu ya wengi kuvisifu si ngumu kuifahamu. Joto hilo huelekea kupungua lenyewe kwa miaka, na hupungua hata kwa wale waliopewa kidonge kisicho na kitu, kwa hiyo kopo lililokuwapo mezani siku ya nafuu ndilo lipatalo shukrani.

Homoni zenyewe hutuliza kweli. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha ya kuwa estrojeni ikitumiwa pamoja na projestini huzidisha hatari ya saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu, na hupunguza kuvunjika kwa mifupa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha ya kuwa kwa mwanamke wa chini ya miaka 60 mwenye taabu kubwa faida yaweza kuzidi hatari. Lakini hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kupimwa, si bidhaa ya kuchukuliwa dukani.

Pengo la kweli likiwapo, lizibwe. Mwanamke aliyekoma hedhi huhitaji kalsiamu zaidi, na dagaa waliwao na mifupa yao wanayo kwa wingi. Chuma huhitaji kidogo kuliko zamani, kwa kuwa hapotezi tena damu ya kila mwezi. Vitamini D hufanywa na ngozi ipatayo jua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 juu ya Wamasai na Wahadzabe ulikuta wastani wa nanomoli 115 katika lita ya damu, kiasi ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Mama wa Mpanda alimaye shambani mchana kutwa ana haki ya kuuliza kabla ya kununua kopo la vitamini hiyo ni upungufu gani aliopimwa nao.

Fedha ya kopo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ile ya kutibu kwa vitamini jambo lisilo la vitamini. Damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima wa kukoma, hiyo si hedhi iliyorudi wala si dalili ya kukosa lishe. Yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo yake, na kila mwezi upotezwao kwa kungojea chupa ifanye kazi ni mwezi uliotolewa kwa maradhi. Mwanamke aliyefundishwa ya kuwa umri wake wenyewe ni ugonjwa hawezi kuutambua kwa urahisi ugonjwa wa kweli unapofika. Afundishwe ya kuwa umri huo ni afya, naye ataiona damu ile kwa jicho jingine, aende hospitali siku hiyohiyo.