Kuku, aseniki na hadithi ya "inapita tu"

Mwaka 1923 mama mmoja wa Ocean View, jimbo la Delaware huko Marekani, aliagiza vifaranga 50. Akaletewa 500. Badala ya kuwarudisha akawajengea banda, akawakuza, akawauza kwa nyama. Huyo ni Cecile Steele, na kosa lile la hesabu ndilo linalosimuliwa kama mwanzo wa biashara ya kuku wa nyama katika rasi ya Delmarva, ardhi ya kichanga wanayogawana Delaware, Maryland na Virginia. Ukumbukeni huo mchanga, tutaurudia.

Sasa, aliyewahi kufuga kuku wa kisasa anaujua ugonjwa wa kuhara damu. Unalala una kuku mia mbili, unaamka unaokota mizoga. Wamarekani nao uliwasumbua, na mabanda yao yalikuwa makubwa kweli kweli. Mwaka 1944 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, ikaruhusu dawa iitwayo roksasoni ichanganywe kwenye chakula cha kuku. Ndani yake mna aseniki.

Naam, sumu ile ile. Lakini msiwacheke haraka. Tangu 1910 kaswende ilikuwa ikitibiwa kwa Salvarsan, dawa ya aseniki iliyotoka maabara ya Paul Ehrlich, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa wehu. Wanakemia walitofautisha aseniki iliyofungamana na kaboni, ambayo waliiona haina madhara makubwa, na ile isiyo na kaboni, ambayo leo tunajua huleta saratani. Roksasoni ilikuwa ya kundi la kwanza. Kuku wakapona, wakanenepa upesi, na nyama ikapata rangi ya kuvutia wateja. Nani angelalamika?

Hoja iliyowatuliza watu ilikuwa hii: dawa haikai mwilini mwa kuku, inapita tu. Ni kweli sehemu kubwa ilipita. Ila inapita kwenda wapi?

Inakwenda kwenye maranda. Kuku mmoja, katika siku zake 42 za kuishi, alikadiriwa kutoa kama miligramu 150 za roksasoni. Unaona kidogo? Zidisha kwa mamia ya mamilioni ya kuku wa Delmarva kila mwaka. Samadi hiyo ikamwagwa mashambani, mwaka baada ya mwaka, maana ni mbolea nzuri na kuisafirisha mbali ni gharama. Mwaka 2003 watafiti wa idara ya jiolojia ya Marekani wakaonyesha kwamba samadi ikilowa na kuoza, roksasoni hugeuka kuwa aseniki ya lile kundi la pili, na huyeyuka kwenye maji. Na Delmarva, kama nilivyosema, ni mchanga. Maji hayakawii kuzama, na watu wa vijijini huko hunywa maji ya visima.

Zikatafutwa mbinu za kuitibu samadi. Kuna shabu, ambayo ikichanganywa na maranda hupunguza aseniki inayosombwa na mvua. Kuna kuichoma kupata umeme. Kiwanda cha namna hiyo kilianza kazi Benson, Minnesota, mwaka 2007, kwa samadi ya bata mzinga. Shida ni kwamba aseniki ni elementi. Haiozi, wala moto hauimalizi. Ukiichoma unaikuta kwenye majivu au kwenye moshi, na ukiifunga kwa shabu bado ipo shambani kwako. Kwa maoni yangu hapo mjadala wa samadi uliisha, ukabaki mjadala wa chakula.

Kampuni ya Tyson iliacha kuitumia mwaka 2004. Wengine wakaendelea, wakisema ushahidi hautoshi. Kisha mwaka 2011 FDA yenyewe ikapima maini ya kuku waliolishwa roksasoni, ikakuta aseniki mbaya imezidi kuliko kwa wale ambao hawakulishwa. Kumbe hata hilo la kupita tu halikuwa kweli lote! Mwaka huo huo Pfizer ikasimamisha mauzo. Maryland ikapitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2012, jimbo la kwanza kufanya hivyo. FDA ikafuta kibali cha roksasoni mwaka 2013, na dawa ya mwisho ya ukoo huo, nitasoni ya bata mzinga, ikaondolewa mwishoni mwa 2015.

Hiyo ni miaka 71. Mashamba yaliyomwagiwa samadi ile bado yanalimwa.