Marafiki Watatu Juu ya Mlima wa Mnara: Tunisia, Aprili 1914

Mji mdogo wa Sidi Bou Said umekaa juu ya genge la mwamba katika pwani ya Tunisia, kaskazini-mashariki ya mji wa Tunis, zaidi ya mita 100 juu ya maji ya ghuba. Aliyesimama kileleni huona karibu naye magofu ya Carthage, na ng'ambo ya maji mlima wa Bou Kornine, ambao vilele vyake viwili vimechongoka mithili ya pembe za ng'ombe. Mwezi wa Aprili 1914 walipanda huko marafiki watatu kutoka Ulaya, wachoraji wote, waliokuja kupumzika na kufanya kazi kwa pamoja. Mapumziko yao yalikuwa ya siku kumi na mbili tu kwa mmoja wao, na siku chache zaidi kwa wawili waliosalia. Walakini vitabu vya sanaa ya Ulaya vimeyasimulia tangu hapo kana kwamba ni kuzaliwa upya kwa uchoraji. Sikusudii kukanusha habari hiyo. Nataka kuuliza ni nini kilichokuwa katika mahali pale, siku zile zile, ambacho habari hiyo imekiacha nje.

Mkubwa wao alikuwa Paul Klee, mwenye umri wa miaka 34, aliyezaliwa Uswisi, lakini kwa haki ya baba yake alihesabiwa kuwa raia wa Ujerumani. Wa pili, Louis Moilliet wa Bern, alikuwa na miaka 33, naye ndiye aliyeijua njia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika Tunisia kabla ya hapo. Mdogo wao, August Macke, alikuwa Mjerumani wa miaka 27, mcheshi, mwepesi wa mkono na mwepesi wa kicheko. Hawakuwa matajiri. Mfamasia mmoja wa Bern alimsaidia Klee gharama za safari kwa sharti la kulipwa kwa picha. Wakakutana Marseille, wakapanda meli iliyoitwa Carthage, na tarehe 7 Aprili wakashuka Tunis. Mwenyeji wao alikuwa tabibu wa Kiswisi, Dkt. Ernst Jäggi, aliyekuwa na nyumba ya mapumziko kando ya bahari huko Saint-Germain, ambako walikaa siku za Pasaka. Na kwa furaha ya sikukuu Klee na Macke wakachora picha juu ya ukuta wa chumba cha kulia cha mwenyeji wao. Mara baada ya Pasaka wakaenda Sidi Bou Said na Carthage, kisha Hammamet, kisha Kairouan.

Neno "Sidi" halitakuwa geni kwa msomaji wetu, maana asili yake na asili ya neno letu "Seyyid" ni moja. Mwenye jina hilo alikuwa Abu Said al-Baji, mcha Mungu aliyezaliwa mwaka 1156 na kufariki 1231, ambaye alijitenga na mji akaja kufanya ibada juu ya genge hili, lililoitwa wakati huo Jabal al-Manar, yaani Mlima wa Mnara. Alizikwa hapo hapo. Kaburi lake likawa zawia, na mabaharia wakamheshimu kwa jina la Raisi wa Bahari. Abul Hasan al-Shadhili, ambaye tarika ya Shadhiliya imeitwa kwa jina lake, anasimuliwa kuwa alikaa miguuni pake kujifunza. Karne nyingi baadaye mtu mwingine wa Tunisia, Ali al-Yashruti, mzaliwa wa Bizerte, alianzisha tawi la tarika hiyo lililovuka bahari mpaka Ngazija, na kutoka Ngazija likaenea Unguja na Kilwa. Basi wako watu wa pwani yetu ambao, bila ya kuiona Tunisia hata kwa ndoto, wana uzi unaowaunganisha na genge lile. Na uzi huo ni mkongwe kuliko kila picha iliyochorwa hapo.

Wachoraji wetu hawakuufuata uzi huo, wala hapana haki ya kuwalaumu. Walikuja kutafuta mwanga, na mwanga waliupata. Mbele ya zawia, kileleni pa ngazi inayopanda kutoka barabara ya mji, upo mkahawa ambao wateja hukalia mikeka, na kwa sababu hiyo huitwa Mkahawa wa Mikeka. Macke aliuona, na alipofika kwao akauchora kwa rangi za mafuta mara mbili, akazipa picha hizo jina la Mkahawa wa Kituruki. Moja imo Bonn, ya pili Munich. Katika picha ya Munich ameketi mtu peke yake mlangoni, na kuta, kivuli na anga vimegawika kuwa vipande vya rangi vilivyo safi, hata jicho husahau kuuliza mtu huyo ni nani na anawaza nini. Macke alifanya kazi kwa haraka ya ajabu: alimwandikia mkewe kwamba kwa siku moja amekwisha kufanya vichoro vipatavyo hamsini. Klee alikwenda polepole. Alichora kwa rangi za maji, akiyageuza mashamba, kuba na minara kuwa miraba ya rangi. Picha yake ya Hammamet na msikiti wake, iliyoko New York, ni mfano mzuri wa jambo hilo.

Tarehe 16 Aprili, huko Kairouan, Klee aliandika katika shajara yake maneno yaliyopata sifa kubwa kuliko safari yenyewe: kwamba rangi imemshika na haitamwachia, na kwamba sasa yeye ni mchoraji. Mwanafunzi wa historia yampasa ayasome maneno hayo kwa hadhari. Klee aliinakili shajara yake upya miaka kadhaa baadaye, baada ya vita, wakati jina lake lilipokuwa limeanza kuvuma, na katika kunakili alirekebisha. Kitabu chenyewe kilitolewa na mwanawe mwaka 1957. Sisemi kuwa alisema uongo. Nasema kuwa mtu anayeikumbuka siku akijua yaliyoifuata si yule yule aliyeiishi, na kwamba Macke hakupata nafasi ya kunakili chochote.

Shajara hiyo ina jua, meza za chakula, punda na mwezi. Lakini mji wa Tunis waliotembea ndani yake ulikuwa katika hali ya hatari, kwa maana ile ile ambayo watu wa Kenya waliijua tangu 1952. Mwezi wa Novemba 1911 baraza la mji lilitaka kuandikisha ardhi ya makaburi ya Jellaz; watu wakakusanyika kuyalinda makaburi ya wazee wao, risasi zikapigwa, damu ikamwagika pande zote mbili, na baadaye baadhi ya waliohukumiwa wakauawa kwa amri ya mahakama. Mwaka 1912 tramu iliyoendeshwa na Mwitaliano ilimwua mtoto wa Kitunisia, na wenyeji wakaacha kupanda tramu, wakidai pia kwamba wafanyakazi wao walipwe sawa na Wazungu. Jibu la serikali ya Kifaransa lilikuwa kuwafukuza viongozi nchini, miongoni mwao Ali Bach Hamba, na kuzima gazeti lao. Hali ya hatari ilidumu mpaka 1921. Utulivu ambao wageni watatu waliusifu, na ambao kwa hakika waliuhitaji ili wachore, kwa sehemu ulikuwa ni ukimya wa watu waliokatazwa kusema.

Klee aliondoka tarehe 19 Aprili. Wenzake wakakaa siku chache zaidi. Mwezi wa Agosti vita vikaanza. Macke akaitwa jeshini mwezi huo huo, na tarehe 26 Septemba 1914 akauawa Champagne, katika Ufaransa, miezi mitano tu baada ya kuyaona maji ya ghuba. Watunisia nao, kwa makumi ya maelfu, wakavushwa bahari kwenda kupigana upande wa Ufaransa, na maelfu hawakurudi. Klee aliandikwa jeshini mwaka 1916, akapewa kazi za nyuma ya uwanja wa vita, pamoja na kupaka rangi ndege za jeshi. Mtu aliyejitangazia kuwa rangi imemshika akapewa ndoo na brashi ya serikali!

Mji wenyewe pia haukubaki kama walivyouacha. Msafiri wa leo huambiwa kuwa weupe wa kuta na buluu ya milango ni desturi isiyojulikana mwanzo wake. Desturi ilikuwapo, lakini iliyoifanya kuwa sheria ni amri ya mwaka 1915 ya kuuhifadhi mji, iliyotolewa kwa juhudi za Rodolphe d'Erlanger, tajiri wa ukoo wa wenye benki, ambaye jumba lake kubwa ubavuni mwa genge lilikuwa likijengwa tangu 1912 hata 1922. Naye alikuwa mchoraji, lakini sifa yake ya haki ni juu ya muziki wa Kiarabu, alioutumikia mpaka kufa kwake katika jumba hilo mwaka 1932, akaacha kitabu cha juzuu sita ambacho kupigwa kwake chapa kulikwisha 1959. Watu wa mji waliishi na amri ile. Kuta walizopaka chokaa kwa hiari yao wenyewe zikawa kuta wasizoweza kuzibadili bila ya ruhusa.

Klee alifariki Uswisi mwaka 1940. Moilliet, ambaye hakuitwa vitani na upande wowote, alirudi Afrika ya Kaskazini mara kwa mara, akafariki mwaka 1962, miaka sita baada ya Tunisia kupata uhuru wake tarehe 20 Machi 1956. Katika wale watatu, yeye peke yake aliishi kuisikia habari hiyo.